Siku Nduku Alipokunja Nyaya

Bado naikumbuka Jumapili ile, mwanangu, na kadiri ninavyoikumbuka ndivyo ninavyozidi kutoielewa. Nimesikia mwenzako wa bendi ameacha muziki, na wewe huli, hulali. Kaa hapa nikueleze ya kwangu.

Miaka ya tisini ikielekea mwisho, mimi na Nduku tulikuwa wasichana wenye jina hapa Machakos. Tulijiita Stima Mbili, ingawa kwetu Kathiani stima ilikuwa haijafika. Nduku alifundisha kompyuta katika chuo kimoja mjini, na wanafunzi wakienda nyumbani alibaki na ile mashine akipanga midundo. Mimi nilipiga kinanda na kuimba maneno machache ya Kikamba. Hatukuwa na gitaa wala mpiga ngoma. Watu walishangaa, bendi gani hii ya wasichana wawili na nyaya? Lakini mdundo ukianza, walicheza. Kaseti ya kwanza ilisikika sokoni. Ya pili ikapigwa hadi redioni, na studio moja ya Nairobi ikatuita tuje kurekodi ya tatu, safari hii kwa CD.

Jumapili hiyo tulikuwa na disko la mchana mjini. Ukumbi ulijaa, wakataka wimbo wa mwisho urudiwe, tukaurudia. Nduku alikuwa akicheka. Kisha akazima mashine, akakunja nyaya zake taratibu, akaniambia, "Mwikali, mimi nimemaliza."

Nilidhani anasema ya siku hiyo. Nikamwambia tuonane Jumanne.

Jumanne hakuja, wala wiki iliyofuata. Nikasikia ameacha kazi chuoni na kurudi kwa mamake huko Muthetheni.

Kichwa kilinizunguka. Nikasema ni mwanamume. Nikasema ameokoka. Nikasema basi ni mimi, nikapekua kila neno nililowahi kumwambia. Wengine walininong'oneza kwamba kuna mtu ametuonea wivu akatufanyia mambo. Mwishowe nikamfuata.

Nilimkuta uani akipepeta maharagwe na mamake. Alinipokea vizuri, akanipikia chai, akauliza hali ya mama yangu. Nami nikamwuliza yangu yote, moja baada ya jingine, na yote aliyakataa. "Hakuna kitu," aliniambia. "Niliamka tu nikaona nimemaliza." Nikauliza tena kwa njia nyingine. Na tena. Macho yake yakaanza kulowa.

Hapo mamake akaweka ungo chini. "Mwanangu, umemwuliza, amekujibu. Sasa utamwuliza mpaka akudanganye?"

Nilimwambia, "Pole, mwaitu," kama tunavyowaita mama zetu, nikamaliza chai yangu.

Ile ya tatu nilirekodi peke yangu. Wachache waliipenda. Baadaye nikaolewa, nikawa nafundisha kwaya. Nduku alilima, akabaki rafiki yangu. Ndiye aliyembeba mtoto wangu wa kwanza siku ya ubatizo. Miaka ikapita, na kwenye harusi moja huko Katelembo mtu akaweka kaseti yetu ya pili. Nduku ndiye aliyesimama wa kwanza, akacheza mpaka akavua viatu. Nilimtazama nikachanganyikiwa upya. Kama anaupenda hivi, kwa nini basi? Swali lilinifika mdomoni. Nikalimeza, nikaenda kucheza naye.

Kwa hivyo mwenzako mwulize mara moja, kwa upole, kisha uamini alichokuambia hata kama hakikutoshi. Ukizidi kuchimba, utakuwa umepoteza bendi na mtu pia. Muziki uendeleze ukitaka, au uache, lakini usimfanye mwenzako mshtakiwa kwa sababu wewe hujaelewa. Hata mimi sijaelewa, na nimezeeka vizuri tu.

Mungu aibariki mikono yako, mwanangu, na akukute na moyo mwepesi siku mwenzako atakapopita kukusalimu.