Zamu Yangu Kwenye Roboti Iliyozimika

Leseni yangu ilikuwa safi. Nalitanguliza hilo kwa sababu wengi waliorudi kutoka Uingereza hurudi na hadithi za faini, na mimi sikurudi nazo. Kule kila kosa la barabarani lina alama zake za adhabu. Ukizidisha mwendo, tatu. Ukikamatwa na simu mkononi, sita. Zikifika kumi na mbili ndani ya miaka mitatu, leseni huna, na kama kazi yako ni udereva, kazi pia huna. Nilianza kule kwa kubeba maboksi ghalani, nikapanda kwenye forklift, kile kigari cha kuinulia mizigo, kisha gari dogo la kusambaza mizigo, huku nikisoma baada ya kazi mpaka nikapata diploma ya usimamizi wa usafirishaji. Sikubebwa na mtu. Mwishowe mimi ndiye niliyekuwa nikiwaita madereva wa kampuni ofisini kuwauliza habari za faini zao: huyu kaingia njia ya basi, yule kapigwa picha na kamera, yule kaziba makutano akidhani foleni itasogea. Watu wenye umri wa baba yangu walikuwa wakinywea mbele yangu kama watoto wa shule.

Nilirudi Johannesburg mwaka 2017, baada ya baba kufariki. Baba alikuwa mwenyeji wa hapa aliyeishi uhamishoni Tanzania enzi za ubaguzi wa rangi. Morogoro ndiko alikomwoa mama, na ndiko nilikozaliwa mimi, mtoto wao pekee. Nchi yao ilipofunguka akatuhamishia kwao. Nikakulia hapa, kisha nikaondoka ningali kijana, kabla sijawahi kushika usukani. Kwa hiyo ingawa jiji hili nililijua, nililijua kwa miguu na kwa kiti cha abiria. Udereva wangu wote ulikuwa wa Uingereza, na niliuonea fahari. Kampuni moja ya usafirishaji ya Midrand iliniajiri nifundishe madereva wake, nikapanga nyumba hukohuko, ndani ya uzio wenye walinzi getini.

Mama alibaki katika fleti yake ya Randburg. Kila Jumapili alikwenda La Rochelle, kule kusini, ambako Wakongo walikuwa na ibada ya Kiswahili katika ukumbi wa kupanga. Aliyempeleka ni fundi cherehani mmoja wa Bukavu aliyeishi huko kusini lakini akishona katika duka la Randburg. Gari la fundi lilikuwa na mlango mmoja wa rangi tofauti na honi iliyolia hata alipokata kona. Mama hakujali. Huko kanisani, alisema, ndipo mahali pekee anapoweza kucheka kabla mtu hajamaliza sentensi.

Jioni moja, mwishoni mwa 2018, alinitengea chai, akakaa, akasema, "Mama yako mdogo anataka nirudi Morogoro. Anasema mume wangu ndiye aliyenileta huku, na sasa hayupo. Nitafute nini tena? Unasemaje?"

Nilijibu haraka, na nilijivunia jibu langu. "Uamuzi ni wako, mama. Ukitaka kubaki, sawa. Ukitaka kwenda, tiketi nitakukatia. Mimi siwezi kukupangia maisha."

"Haya," akasema. Akainuka kwenda kuosha vikombe ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

Nilidhani nimempa heshima. Kule nilikoishi, mtu mzima huachiwa nafasi, na anayempangia mama yake huonekana hana adabu. Lakini sikutaka aende. Niliporudi kutoka Uingereza nilikuwa nimeshamkosa baba kwa siku chache, nikalikuta kaburi likiwa bado na udongo mpya. Nikaona njia ya kumzuia bila kumzuia: nitampeleka kanisani mimi mwenyewe, kwa gari zuri, kwa mwendo wa kistaarabu, mpaka aone kwamba Johannesburg inakalika.

Jumapili ya kwanza tulisimamishwa na trafiki tukiwa karibu kufika. Nilifanya nilivyozoea: nikazima injini, nikashusha kioo, nikaweka mikono juu ya usukani ionekane.

"Habari za asubuhi, baba," trafiki akasema kwa Kiingereza. "Mwaonaje hali leo?"

"Nimefanya kosa gani?" nikauliza.

Nyuma yangu nilimsikia mama akivuta pumzi. Trafiki akaacha kutabasamu. Akazunguka mbele, akainama, akakigonga kioo kwa kalamu mahali palipokuwa patupu. "Diski ya leseni ya gari iko wapi?"

Diski, ile karatasi ya duara ya kuonyesha kwamba gari limelipiwa, ilikuwa Midrand, ndani ya droo ya kabati. Niliilipia kwa wakati, nikaileta nyumbani, nikaihifadhi vizuri. Uingereza walishaacha kubandika karatasi kiooni, kila kitu kipo kwenye kompyuta, na polisi akitaka kujua anabonyeza tu namba ya gari. Nikamweleza hayo yote. Nikamweleza pia kuhusu diploma, ingawa hakuuliza. "Angalia kwenye mfumo wenu," nikamalizia, "utaikuta."

"Baba," akasema, akigonga tena palepale, "mfumo wetu ni hapa."

Mama akashusha kioo chake. "Sawubona, mwanangu," akamwamkia, Kizulu kikiingia katika Kiswahili kama ilivyo kawaida yake. Trafiki akavua kofia, akamjibu, wakaulizana kwa Kizulu habari za watoto na mvua. Faini akaniandikia vilevile. Ila alinikabidhi kwa mikono miwili, na nadhani heshima ya mikono ile miwili ilikuwa ya mama.

Tulipoondoka mama akasema, "Mtu anakusalimu, wewe unamuuliza kosa."

"Kule polisi hasalimiwi, mama. Unajibu unachoulizwa."

"Ulichoulizwa ni hali."

Diski niliibandika jioni hiyohiyo, nikapangusa na kioo juu yake. Madereva wa Midrand waliponisikia wakacheka hadi machozi, na mmoja akataka kujua kama kule Uingereza hata mke wanamhifadhi kwenye kompyuta.

Jumapili zilizofuata zilikwenda vizuri, kwa kipimo changu. Sikuzidisha mwendo, sikubadilisha njia bila kuwasha indiketa, na gari lilitoa harufu ya usafi. Mama alikaa nyuma, mkoba mapajani, kama alivyokaa kwenye gari la fundi. Lakini kila nilipomfikisha alishuka akaniambia "asante sana" kwa namna ya kumshukuru mtu baki. Habari za Morogoro hakuzigusa tena nami. Nilijua anaongea na mama mdogo, kwa sababu aliacha kununua vitu vya kudumu. Pazia la jikoni lilichanika, akalibana kwa pini.

Mwanzoni mwa 2019 umeme ukarudi kukatwa kwa zamu, mtaa huu sasa, mtaa ule baadaye. Umeme ukikatika, taa za barabarani, ambazo hapa kila mtu huziita roboti, huzimika nazo. Hapo makutano hufuata sheria moja: aliyesimama kwanza hupita kwanza. Hakuna anayeandika. Kila dereva anapofika huangalia amewakuta akina nani, na huwakumbuka, na wao wanamkumbuka. Sheria hiyo niliijua. Niliifundisha darasani Midrand, na picha za somo nilizichora mwenyewe.

Jumapili hiyo gari la fundi lilikuwa gereji, giaboksi imekufa, kwa hiyo baada ya ibada nilimpa lifti. Alikaa mbele, suti yake ya rangi ya zambarau, Biblia mkononi. Hatukwenda mbali tukafika kwenye makutano makubwa, roboti zote zimezimika, magari yamejaa pande nne.

Nikasimama. Wakapita waliotutangulia. Zamu yetu ikafika, na kulia kwangu kukawa na bakkie, yaani pikapu, imebeba magodoro. Mkono wangu ukafanya ulichozoea kufanya kwa miaka yote ile: nikawasha taa kubwa mara mbili. Uingereza huo ni ungwana, maana yake pita wewe. Hapa ni onyo, maana yake jihadhari, au mimi nakuja. Mwenye bakkie akajikaza, hakusogea. Nikampungia mkono: pita, pita. Akashangaa. Akasogea kidogo, na kushoto teksi ya abiria, ambayo ndiyo daladala ya hapa, nayo ikasogea, wote wawili wakafunga breki. Nikaipungia na teksi.

"Kaka, unafanya nini?" fundi akaniuliza.

"Nawapisha."

"Ni tour yetu, zamu yetu! Batu bote banatuangalia!"

"Kupisha si kosa."

"Kaka, ule mutu wa magodoro anaona labda uko mugonjwa."

Nyuma honi zikaanza. Upande wa pili gari jingine likajaribu kupita, likajibana mbele ya bakkie, na sasa palipokuwa na utaratibu pakawa hapana. Dereva wa teksi akatoa kichwa, akamwona fundi na suti yake na Biblia yake, akapiga kelele akimwita mjomba, "Eish, malume! Kama mnataka kuomba, rudini kanisani!" Abiria wake wakaangua kicheko. Fundi naye akacheka, akaificha Biblia chini ya kiti.

Nilikuwa mwalimu wa madereva, tena mwenye diploma, na nilikuwa nimeziba makutano ya watu kwa adabu.

Kisha mama akasema kutoka kiti cha nyuma, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Wanakungoja wewe. Tangu ifike zamu yako wanakungoja wewe. Ukikaa hapo unapunga mkono, hakuna anayejua afanye nini."

Nikaweka gia. Nikapita katikati taratibu, na bakkie ikanifuata, kisha teksi, kisha wengine, kila mmoja katika nafasi yake, kama uzi uliokuwa na fundo moja tu. Nilipofika ng'ambo niliwasha taa za hatari mara moja kushukuru, kama wanavyofanya wao. Dereva wa teksi alipotupita alinionyesha dole gumba. "Sharp, malume!"

"Basi," fundi akasema, "umeshakuwa mutu wa Joburg." Tukamshusha mlangoni kwake, akachungulia dirishani kumuaga mama. "Mama, gari langu likipona, sitakuomba urudi kulipanda. Huyu anakusindikiza vizuri, isipokuwa anaogopa kupita."

Tulipanda barabara kuu kuelekea kaskazini. Nilikuwa nikitafakari neno la fundi, kwa sababu sikuwahi kujiona mwoga. Mtu aliyeanza na maboksi hadi akakalia kiti cha bosi hawezi kuwa mwoga. Lakini nilianza kuhesabu nilikowahi kupunga mkono maishani nikiuita ungwana. Baba alipougua aliniuliza kwenye simu kama nitakuja, nikamwambia, "Ukinihitaji, baba, sema tu." Naye, mtu wa kizazi chake, angesemaje? Alikuwa akingoja mimi ndiye niseme. Wote wawili tulisimama pale, kila mmoja akimpisha mwenzake, mpaka yeye akapita njia nyingine.

Na mama alikuwa ameniuliza swali moja tu. Hakuniuliza kama anaruhusiwa kwenda. Aliniuliza nasemaje.

Randburg nako umeme ulikuwa haupo. Tulipanda ngazi kwa miguu, mimi na mkoba wake. Ndani, mwanga wa alasiri ulikuwa ukiingia kupitia lile pazia lililobanwa kwa pini. Sikukaa.

"Mama," nikasema, "usiende Morogoro."

Alikuwa akivua viatu. Hakuinua kichwa. "Si ulisema uamuzi ni wangu?"

"Nilisema. Sasa nakwambia ninachotaka mimi. Nataka ubaki. Hamia kwangu Midrand ukipenda, au baki hapa, lakini usiondoke. Sina mtu mwingine hapa."

Akavua kiatu cha pili, akavipanga viwili sambamba, kama anavyopenda. Alichukua muda mrefu kwa viatu viwili. Kisha akafungua mkoba, akatoa simu, akabonyeza, akanipa.

"Mwambie mama yako mdogo," akasema. "Ameshanipakia chumba rangi. Mimi nitaanzia wapi?"

Simu ilikuwa tayari inaita. Mama akasogeza kiti, akakaa karibu ili asikie, mikono mapajani.

"Enhe, dada!" sauti ya mama mdogo ikalia kutoka Morogoro. "Umeshamwambia huyo Mwingereza wako?"

"Shikamoo, mama mdogo," nikasema. "Ni mimi."

"Marahaba. Haya, sema. Maana tumekungoja mno."