Siku Dada Alipowasomea Hesabu Wakata Mkonge

Niliitwa Korogwe kumsaidia dada yangu aliyejifungua. Mimi nilikuwa nimeolewa Handeni, nalima mahindi na mume wangu. Dada alifanya kazi kwenye shamba la mkonge nje kidogo ya mji. Aliingia pale enzi za Wagiriki waliokuwa wenye shamba, akiwa msichana wa kupiga chapa. Azimio lilipokuja na shamba likawa mali ya umma, alipelekwa Dar es Salaam kusomea uhasibu. Mhasibu mkuu alipohamishwa, nafasi ile wakampa yeye, na tumbo lake limeshakuwa kubwa.

Nyumbani kwetu hakuna aliyejua mhasibu mkuu hufanya nini hasa. Mama alidhani ndiye anayekaa dirishani kulipa mishahara. Mimi nilidhani hivyohivyo.

Arobaini ilikuwa imekwisha juzi tu meneja alipokuja nyumbani jioni. Akakaa ukingoni mwa kiti.

"Mama, mkutano wa wafanyakazi ni Jumamosi. Kwa hali yako, naona msaidizi wako ndiye asome hesabu za mwaka."

Dada alikuwa ananyonyesha. Hakuinua uso. "Hesabu nimezifunga mimi, na sahihi ni yangu. Nitazisoma mimi."

"Na mtoto?"

"Mtoto ana mama yake mdogo."

Meneja akanitazama mimi, akatazama sakafu, akaaga.

Mkutano ulifanyika ndani ya ghala la singa, zile nyuzi za mkonge zilizokaushwa. Marobota yalisukumwa kando, watu wakakaa juu yake: wakataji, wanawake wa kuanika, mafundi wa mitambo, wengine wamekuja na mapanga yao. Mimi nilikaa mlangoni na mtoto. Zamani hesabu zilisomwa kwa Kiingereza, ofisini, mbele ya watu wachache. Dada alisimama, akaanza kwa Kiswahili, pole pole, kama mtu anayesimulia safari. Mkonge tuliovuna. Tuliouza. Mafuta ya mitambo. Dawa za zahanati.

Alipotaja faida, mzee mmoja mkataji akasimama.

"Mama, unasema tumepata faida. Mbona mashine ya brashi ya kusafishia singa imekufa na tunaambiwa hakuna pesa ya spea?"

Watu wakaguna. Dada akaweka karatasi chini.

"Shikamoo mzee. Ukimuuzia jirani mbuzi, akakuahidi kukulipa wakati wa mavuno, mbuzi bado unaye?"

"Marahaba. Sinaye."

"Na pesa?"

"Bado."

"Basi mkonge wetu uko melini, na waliouchukua hawajalipa. Faida tunayo kwenye karatasi. Mfukoni haijafika."

Mzee akacheka, na ghala zima likacheka naye. Lakini dada hakucheka. Akaendelea: "Na kiasi kidogo tulichokuwa nacho mkononi, sehemu kubwa imekwenda kutengeneza magari ya ofisi. Imezidi pesa ya dawa za zahanati." Meneja alikuwa amekaa pale pale, hatua chache kutoka kwake. Kwetu sijapata kuona mwanamke akimwambia mkubwa neno kama lile mbele ya watu, bila ukali, bila kuomba radhi.

Hapo mtoto akaamka. Nilimbembeleza, nikamzungusha nje, wapi! Kilio kikajaa ghala. Dada akasema, "Samahanini," akatoka, akakaa juu ya robota nje ya mlango na kujifunika khanga.

Ndani, mwenyekiti wa mkutano akasema, "Basi msaidizi atuendelezee."

Yule mzee akasimama tena. "Aendeleze nini? Mwenye hesabu yuko nje anamnyonyesha mtoto. Tutasubiri."

Wakasubiri. Wanaume wale niliowazoea wakigombania zamu ya maji bombani walikaa mikono magotini. Mtoto alinyonya bila haraka. Nilimtazama dada, niliyelala naye mkeka mmoja utotoni, nikaona haya kumsemesha, kana kwamba sijamjua.

Aliporudi ndani alianzia pale pale alipoachia.

Njiani kuelekea nyumbani akamchukua mtoto mikononi mwangu. "Niliogopa, mdogo wangu," akaniambia. "Pale kwenye magari, sauti ilitaka kukatika."

"Haikukatika."

"Shukuru Mungu."

Nilidhani watamfukuza. Meneja alinuna wiki kadhaa, kisha akaanza kuja mwenyewe kwenye meza ya dada kuuliza kabla ya kuidhinisha malipo. Spea ililetwa kabla ya masika. Baadaye dada alihamishiwa Tanga kusimamia hesabu za mashamba kadhaa, na wahasibu wanaume wakawa chini yake. Niliwahi kumtembelea huko, nikawakuta wamejipanga nje ya mlango wake, watu wazima na tai zao, kila mmoja akingoja kuitwa.

Lakini mwaka ule ule wa mkutano, niliporudi Handeni kutoka Korogwe, wenzangu kisimani waliniuliza habari za mtoto. Niliwaambia ni mzima, ananyonya vizuri. Halafu nikatua ndoo nikawasimulia yote, na hakuna aliyechota maji mpaka nilipomaliza.