Bushera Isiyoonjwa

Cansilde si mtu wa kuogopa watu. Alitoka Makamba, Burundi, na watoto watatu, godoro kichwani, akavuka mipaka miwili huku akimgombeza mumewe kwamba anatembea kama bwana harusi. Hapa Rubondo, katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, tunamwita Mama Venuste. Analima maharage, anaongoza akina mama Wakatoliki wa mtaa wetu, na ulimi wake hufika kisimani kabla ya ndoo yake. Ukitaka habari isambae, mwambie kwamba ni siri.

Kwa hiyo leo ukimwona anazunguka nyuma ya shamba ili asipite mbele ya nyumba ya Orpa, ujue kuna jambo. Mwenyewe hasemi. Nitasema mimi.

Ilikuwa mwezi wa tatu. Élyse, mke wa mwanawe Venuste, alikuwa amejifungua mtoto wa kike. Kwetu Warundi mzazi hutembelewa kwa chakula na kinywaji, na aliyeleta kinywaji huonja kwanza mbele ya watu, ndipo wengine wanywe. Ndiyo namna ya kusema, sikutia sumu. Tumetoka kwenye mambo mazito, na sumu ni neno ambalo hatulichezei.

Jumapili baada ya misa nyumba ilijaa. Akaja Orpa, mjane Mkongomani wa kutoka Fizi, jirani wa ua kwa ua, na dumu la bushera, kile kinywaji kitamu cha mtama ambacho alikuwa akiuza mpaka sokoni Rwekubo. Cansilde akajaza kikombe cha kwanza, akampa.

"Onja, Orpa."

Orpa alikipokea, akakirudisha. "Mama Venuste, unisamehe. Najua ni desturi. Lakini miye niko nafunga. Mpaka jua iingie, sikunywe hata maji."

"Leo Jumapili," Cansilde akasema. "Hata kwenye Kwaresima, Jumapili hatufungi. Waislamu nao bado hawajaanza. Sasa wewe unamfungia nani?"

"Siye Babahai tunafunga mu huu mwezi."

Wabahai tuliwajua kwa jina tu, na kwa kalenda yenye nyota ya pembe tisa iliyotundikwa ukutani kwa Orpa. Wengine walisema ni nyota ya frimasoni. Hakuna aliyewahi kumwuliza mwenyewe. Kuuliza ni kazi, kusema ni bure. Cansilde akaliweka dumu nyuma ya mlango bila kumimina tena. Lakini wageni walipoondoka, Élyse, ambaye kunyonyesha kulimpa kiu, alikunywa kikombe kizima.

Siku chache baadaye homa ikampanda na tumbo likamkata. Cansilde alisimama uani akapaza sauti, na sauti yake haihitaji kipaza. "Nilisema! Alikataa kuonja! Amempa sumu mke wa Venuste!" Gari la kwenda hospitali ya Mbarara lilipoondoka na mgonjwa na mtoto wake, Orpa alikuwa hana mteja. Kisimani wanawake walisogeza ndoo zao mbali na yake. Kuna aliyemwaga bushera yake barabarani, na hakuna aliyeuliza ni nani.

Huko hospitalini mgonjwa huletewa chakula na watu wake, na Cansilde hakuwa na mtu Mbarara. Jioni moja akatokea mwanamke kijana na bakuli lililofungwa kwa kitambaa. Jina lake Jeannette, mpishi katika nyumba moja mtaa wa Kamukuzi, mjini humo. "Nimetumwa kutoka Rubondo," alisema. Cansilde alijua moja kwa moja ni akina mama wake wa kanisa. Akawaombea baraka kwa majina, mmoja mmoja.

Kila jioni Jeannette alikuja, akangoja jua lizame, akafungua bakuli, akaonja kwanza, akapakua, wakala pamoja. Cansilde akampenda. Na Cansilde akimpenda mtu humpa habari.

"Wewe umelelewa," akamwambia. "Unaonja kabla ya kumpa mtu. Kwetu kuna mchawi mmoja wa Fizi, Orpa, alileta bushera akakataa kuonja. Ati anafunga! Jumapili! Ndiye aliyemlaza huyu hapa."

Jeannette akaweka kijiko chini.

"Orpa ni dada yangu," akasema. "Ni yeye alinipigia simu. Alisema, kuna jirani yangu kwa hospitali, hana mutu Mbarara, umupelekee chakula. Naleta mangaribi sababu na miye niko nafunga."

Wali ulikuwa mdomoni mwa Cansilde. Haukumezeka, haukutemeka. Aibu ilimshika mpaka masikio yakamwaka moto.

Kesho yake aliomba Mungu Jeannette asije. Alikuja. Akaonja kwanza, akapakua, akakaa.

Muuguzi naye akamalizia. "Hii ni taifodi, mama. Ilikuwa ndani yake hata mbele ya kuzaa. Munakunywa maji gani huko?" Cansilde aliinama. Kisima kilipoharibika kabla ya Élyse kujifungua, ni yeye aliyechota maji ya bondeni, na ni yeye aliyekataza yasichemshwe, kuni zisiishe bure.

Élyse alipona. Waliporudi, Cansilde alikwenda kisimani saa ambayo wanawake wote wapo. "Nilimsingizia Orpa," akasema. "Mke wa Venuste aliumizwa na maji niliyomletea mimi." Waliitikia kwa vichwa. Kisha mmoja akasema, "Sawa, lakini ile nyota..." Maji yakimwagika hayazoleki, na Cansilde alikuwa ameyamwaga kwa mtungi.

Jumapili akawachukua baadhi yao mpaka kwa Orpa, mchana, watu wakipita. Mfungo ulikuwa umekwisha. Orpa alikuwa akiosha madumu.

"Orpa, nisamehe," Cansilde akasema. "Nimekuja kunywa. Usionje. Nipe hivyo hivyo, hawa waone." Akanyoosha mikono yote miwili.

Orpa akajaza kikombe, akakitazama. Akakipeleka kinywani mwake, akanywa funda moja, akangoja mpaka wote wakamwona anameza. Akafuta ukingo kwa ncha ya kitenge, akampa.

"Nimekusamehe, Mama Venuste. Sasa kunywa."

Hakuwa na hasira, na heri angekuwa nayo. Cansilde alikunywa yote huku machozi yakiingia kikombeni.

Mtoto sasa anatembea. Wateja wa Orpa wamerudi, si wote. Siku Cansilde akijikaza kwenda kununua, hata wakiwa wawili tu, Orpa huonja kwanza.

"Acha, Orpa, nakuomba. Mimi nakuamini."

"Ni desturi yenu," Orpa humjibu, na huonja.