Wiki Moja ya Ukocha Riyadh

Jamani, mkasa huu nilitaka nife nao, lakini video imeshafika hadi kwa mama mkwe, sasa namficha nani?

Mimi ni karani Bandari ya Jeddah, nakaa mtaa wa Al-Mahjar na Wakenya wenzangu watatu. Siku moja bosi, yaani kafili wangu aliyenidhamini viza, akasema binamu yake wa chuo kimoja kule Riyadh anatafuta kocha wa mpira wa Kimarekani, ule wa helmeti, na kazi ina nyumba na viza ya familia. Viza ya familia! Mke wangu Mama Terry na mtoto nilikuwa sijawaona miaka miwili.

"Wewe si ulicheza raga kwenu? Huu unaujua?"

"Bosi, huo nimekulia ndani yake." (Raga nilicheza, winga, tena shuleni. Huo mwingine sikuwahi kuutazama hata dakika moja.)

Ningefungua tu simu nikajifunza, bando ninalo, lakini kiburi kikanizidi, nikajiambia ule mpira ni yai na huu ni yai, tofauti iko wapi? Basi nikapelekwa Riyadh, na wiki nzima nikawafundisha vijana wa watu kupasia nyuma kama raga, na aliyerusha mbele nilimfokea, "Haramu! Haramu!" Nahodha, kijana mpole anaitwa Faris, akasema, "Kocha, kwenye simu wanarusha mbele." Nikamwambia hao ni wavivu wa kukimbia.

Ijumaa alasiri ikawa mechi ya kunipima, bosi na binamu yake wameketi mbele kabisa na kahawa na tende. Wapinzani wakarusha mpira mbele, refa kimya. Wakarudia, refa kimya. Damu ikanichemka, nikaingia uwanjani mzimamzima nikipiga mayowe, na walipourusha mara ya tatu, wallahi, mpira ukanijia mikononi. Sasa winga mzima atafanyaje? Nikaukumbatia nikatimua mbio, wachezaji wote wameduwaa, nikajitupa juu ya mstari, suruali ikapasuka nyuma kuanzia mkanda, nami nikainuka nikishangilia (bado sijui, upepo tu nausikia). Kumbe mstari wenyewe ulikuwa wetu. Refa alicheka hadi akakaa chini, na simu za watazamaji zote zinarekodi.

Bosi akaweka kikombe taratibu. "Wewe mafi kocha, hakuna kocha hapa. Jumapili saa moja, bandarini. Halas."

Nikarudi Jeddah nimefunga shati la Faris kiunoni. Nilipompigia Mama Terry alikuwa ameshaiona video, akacheka hadi akakohoa, nami nikacheka naye. Halafu akaniuliza:

"Baba Terry, na lile sanduku la safari nililonunua, nilirudishe dukani?"

Hapo niliumia, siwadanganyi.

Tangu siku hiyo nimeapa, mtu akiniuliza kama najua kitu, jibu ni sijui. Juzi bosi kaniuliza kama najua kuendesha foklifti, mshahara mzuri kuliko wa karani. Nikasema sijui, bosi. Na leseni ya foklifti ilikuwa mfukoni.