Ulimi wa Ayeeyo

Juzi hapa Galbet mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu, alinitolea ulimi juu ya bakuli la maziwa ya ngamia. Mkono ulishanyanyuka kumfunza adabu, kumbe ameukunja pande zote mbili, umekuwa kama mfereji. Mkono ukashuka wenyewe. Huo ulimi naujua, rafiki yangu. Wakati wa vita vya shifta ulinifungulia lango.

Siku hizo kijiji chetu kilizungushiwa seng'enge, na jua likizama lango linafungwa. Aliyekutwa nje aliitwa shifta, yaani mwasi, hata akiwa msichana na mtungi wa maji. Mimi nilikuwa darasa la sita, darasa nililolipenda sana mpaka sikuvuka kwenda la saba. Mwalimu wetu, mtu wa bara anayenuka chaki na sabuni, alitufundisha urithi: mtoto huchukua kwa baba, huchukua na kwa mama. Macho, mwanya, masikio. Akatuambia tukunje ulimi. Wengine walidondosha mate kwenye madaftari. Mimi, niliyeshindwa na hesabu zote, niliukunja mara moja. Nikajiona daktari.

Nyanya yangu mzaa mama, ayeeyo, alicheka mpaka moshi wa jiko ukampalia. "Mtoto ni ya baba. Maalim yenu nasoma fitabu mingi mbaka nabotea." Kwetu unahesabu baba, baba ya baba, mpaka koo likauke. Mama hatajwi.

Basi jioni moja mimi na ayeeyo tulichelewa mtoni. Wazazi wangu wako mbali wakichunga ngamia, na langoni kuna askari mgeni. Akataka kujua kama sisi ni jamaa, akaniambia nitaje majina ya ukoo. Nikayamwaga yote. Akamwambia ayeeyo ataje yake. Hakuna hata moja lililofanana.

"Mama, wewe ni mzee, ingia. Huyu si wako, abaki nje."

"Afande, ni ya binti yangu."

"Nionyeshe jina moja tu."

Jua lilibaki kipande. Nikakumbuka somo pekee nililowahi kulielewa, nikamtolea askari ulimi.

"Unanitukana?" Akashika bunduki.

Ayeeyo aliniangalia, akauona ule mkunjo. Mwanamke ambaye hajawahi kumwonyesha mwanamume mgeni hata jino, akasogeza shuka, akatoa wake, nao umekunjika vilevile. Tukasimama pale, bibi na mjukuu, tumeitolea serikali ulimi.

"Ni urithi, afande," nikasema. "Mwalimu amefundisha."

"Sasa toa yako," ayeeyo akamwambia.

Askari akatazama huku na huku, akautoa. Ukalala bapa kama chapati.

"Umeona? Wewe si yetu. Huyu ni yetu."

Askari alicheka mpaka kofia ikaanguka, akatufungulia. Ndani, ayeeyo akaninong'oneza, "Watu ya baba yako usiambie."

Seng'enge iling'olewa, mwalimu akahamishwa, ayeeyo tulimzika. Pale langoni sasa pikipiki zinapita bila kuulizwa. Jina lake halimo katika hesabu ya mtu yeyote. Lakini siku hizi mjukuu wangu akimaliza kuhesabu baba zake wote, namwambia, haya, toa ulimi. Hapo ayeeyo naye anatajwa.