Kiti cha Kushoto, Upande wa Mtongwe

Wanaosema Kuluthum binti Yeslam alikuwa mwali mpole hawakumwona siku ile ya ndege. Tangu azaliwe Kisauni mpaka akawa fundi wa kushona nyuma ya duka la babake, hakuwahi kumjibu mkubwa. Mwaka wa sitini babake akamwoza kwa mtu wa Unguja, asimshauri mamake, Mwanatatu, mtalaka wake aliyekuwa akikaa kwao Mtongwe. Mwanatatu akasusa. Arusini hakutia mguu.

Sasa bibi arusi atasafiri vipi bila radhi ya mama? Radhi haiuzwi dukani kwa babake. Akamtuma jirani yao, Mwanarehema, akamwombee. Jibu likarudi: "Mwambie ndege ikiondoka atazame Mtongwe, mchangani. Akiona kisutu changu, ile leso yangu ya arusi, kimetandazwa, nimemridhia. Asipokiona, basi tena, asiniulize."

Siku ya safari akamuuliza Barakat, dereva aliyewapeleka uwanjani Changamwe: "Kaka Barakat, ndege ya Unguja ikiruka, Mtongwe huwa upande gani?"

"Kushoto."

Viti havikuwa na namba. Anayewahi ndiye anayechagua. Mlango ulipofunguliwa, bibi arusi huyo! Aliwapita watu na buibui lake, akakikamata kiti cha dirishani, kushoto.

Shangazi Alawiya, dada wa babake aliyekuwa akimsindikiza, akafika akihema. "Ondoka hapo! Bibi arusi gani huyu wa kuanikwa juani kama papa? Mumeo nimpelekee nini?" Akamsogeza, akakaa yeye. Kisha, kwa vile ndege alikuwa akiiogopa kufa, akavuta pazia, akalishikilia, akafumba macho na kuanza kusoma Ayatul Kursi.

"Shangazi, nifungulie kidogo tu."

"Tulia! Ukitazama chini utatapika."

Injini zikanguruma, ndege ikaanza kukimbia. Kuluthum akawaza: Mama ananingoja, au haningoji, nami sitajua maisha yangu yote! Ndege ikanyanyuka. Akaunyakua mkono wa shangazi yake, mkono wa mtu mzima, akaubandua kwenye pazia na kulifungua.

Chini hapakuwa na mchanga. Maji yalikuwa yamejaa mpaka kwenye mikoko, hapana pa kutandaza hata leso moja. Siku ya safari aliichagua shangazi mwenyewe, ya mwezi mpevu, ati ina baraka. Na mwezi ukipevuka, alasiri bahari hujaa bamvua. Watu wa dukani hao, nani aliyekumbuka bahari? Kuluthum naye hakuwaza bamvua. Aliwaza neno moja tu: hakuniridhia. Akalia kwa sauti mbele za watu, wallahi, bila haya.

Kilio kile kikamfumbua macho shangazi. Akachungulia dirishani. "Yule nani yumo majini?"

Mwanamke alikuwa amesimama baharini, maji yamemfika kifuani, mikono ameinyoosha juu, na kisutu amekitanua juu ya kichwa chake, upepo unakivuta.

"Mwanatatu!" akasema shangazi. Hawakuwa wamesemezana tangu ile talaka. "Na kuogelea hajui yule!"

Ndege ikapinda, Mtongwe ikapotea. Shangazi Alawiya hakuirudia dua yake. Alimvuta Kuluthum kifuani, naye machozi yanamtoka.

"Ukifika kwa mumeo," akasema, "kabla hujavua buibui, mwambie akulete umwone mamako. Akikataa, niite mimi."