Jiko la Pampu na Jiko la Chuma: Tulivyochagua Muleba

Siku yangu ya kwanza kazini nilifukuzwa jikoni hata jua halijapanda vizuri. Kosa langu? Nilifunua majani ya mgomba yaliyofunika chungu, nione kama ebitoke, ndizi zetu za kupika, zimeiva. Mama yangu! Mpishi mkuu alinirukia akaninyang'anya mwiko. "Nani amekufundisha kuchungulia chakula? Ukifunua unatoa mvuke wote, ndizi zinabaki ngumu. Nenda nje ukachanje kuni mpaka akili ikurudie!" Nikaenda kuchanja kuni huku nalia, nimevaa gauni langu la Jumapili, maana nilidhani kazi ya misheni ni kazi ya gauni.

Mpishi huyo aliitwa Ma Nyamwiza. Kwetu Buhaya mwanamke mzima huitwa Ma, na yeye alikuwa Ma hasa. Alikuwa mjane. Mumewe alipofariki, ndugu wa mume walichukua kibanja, yaani shamba la migomba na kahawa pamoja na nyumba, naye akatoka pale na sanduku moja kichwani. Misheni ikampa kazi ya upishi katika shule ya wasichana karibu na Bukoba, na chumba kidogo nyuma ya jiko. Kwa hiyo nyinyi mnaosoma mwelewe tangu sasa: kwa Ma Nyamwiza kazi ndiyo ilikuwa nyumba yake. Nyingine hakuwa nayo.

Wakati ule wa Mwingereza tulipika kwa mafiga. Mafiga ni mawe matatu, chungu juu, kuni katikati. Mnacheka, lakini mafiga yana sifa zake: yanabeba chungu cha ukubwa wowote, na ukitaka moto upungue unavuta kuni moja nje, basi. Ubaya wake ni moshi. Sisi tulikuwa na mafiga ya vyungu vitatu, wasichana mia moja wanasubiri kula, na moshi wa kuni mbichi siku za mvua ulikuwa unatutoa kamasi hadharani. Ma Nyamwiza alikuwa ameuvuta miaka mingi kabla yangu. Macho yake yalikuwa mekundu na hayakukauka machozi. Alipika kwa pua na kwa sikio. Alikuwa anainamisha kichwa, anasikiliza chungu, kisha anasema, "Hiki bado. Kile epua." Na hakukosea hata mara moja, nawaambieni!

Mwaka wangu wa tatu tulihamishiwa Muleba, kwenye shule mpya ya misheni iliyo juu ya kilima. Jiko lilikuwa limeezekwa bati, na sisi wajinga tukashangilia. Kumbe paa la nyasi huacha moshi upenye taratibu, lakini bati haliachii kitu! Moshi ukawa unashuka tena usoni. Ndani ya miezi michache Ma Nyamwiza akaanza kupapasa ukuta akitafuta mlango.

Mkuu wetu wa Muleba alikuwa mama wa Kizungu tuliyemwita Bibi Mkuu. Mrefu, mkavu, anatembea kwa haraka kama mtu aliyesahau kitu, lakini mwenye haki. Alimwita Bwana Mganga wa wilaya, akaja, akamfunua Ma Nyamwiza kope moja moja. Mimi nilikuwa mkalimani, maana Ma Nyamwiza Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza.

"Jicho la kushoto limeshaharibika," Bwana Mganga alisema. "La kulia linaweza kupona. Lakini akiendelea na moshi huu, mwakani hataona mkono wake mwenyewe."

Bibi Mkuu akanitazama. "Mwambie nitatafuta jiko lisilo na moshi kabla ya muhula kwisha. Nikishindwa, siwezi kumweka mtu anayepofuka karibu na moto. Itabidi aende kwao."

"Kwao wapi, Bibi Mkuu?" nikauliza.

Akamsindikiza Bwana Mganga nje. Ma Nyamwiza naye akaniuliza kwa Kihaya wamesemaje. Nikamwambia la macho, la kwenda kwao nikalimeza. Basi hapo ndipo shughuli ya kuchagua jiko iliponiingia damuni! Nilikuwa silali vizuri kwa kuwaza majiko.

Tulianza na jiko la mkaa, lile la bati ambalo mafundi wa mjini hulitengeneza kwa madebe. Moto wake ni mtulivu, moshi hakuna. Lakini mkaa una hewa mbaya isiyoonekana, na sisi siku ya mvua tulifunga madirisha. Ma Nyamwiza akaanguka kwenye gunia la maharagwe. Tulimtoa nje tukampepea, na alipozinduka akatutukana wote. Bwana Mganga alipopata habari akakataza mkaa ndani ya nyumba. Jiko la mkaa likaishia hapo.

Kisha likaja jiko la pampu. Loo! Mpaka leo nikilikumbuka moyo unaruka. Lilikuwa la shaba, linang'aa hata unajiona meno. Chini lina tangi la mafuta ya taa. Unamimina spiriti kidogo kwenye kikombe chake, unawasha ili kichwa kipate moto, halafu unapiga pampu, na mafuta yanageuka mvuke na kuwaka kwa rangi ya buluu. Lina sindano yake ya kuzibulia tundu likiziba. Na kelele zake! Vuuuu! Maji ya chai yanachemka kabla hujapanga vikombe. Wasichana wote walikuja dirishani kutazama, na mimi nikajiona fundi mkubwa wa dunia.

"Bibi Mkuu," nikasema, "usitafute tena. Agiza haya manne. Ndiyo yenyewe!"

Ma Nyamwiza alikunja uso. "Linapiga kelele. Siwezi kusikia chungu."

"Ma, utazoea."

"Na nikitaka moto wa pembeni?"

"Wa pembeni wa nini? Hili ni jiko la kisasa!"

Jamani, ujana una kiburi. Yeye alipendelea jiko la chuma la kuni, kama dogo lililokuwa nyumbani kwa Bibi Mkuu. Hilo ni sanduku zito la chuma. Kuni zinaingia kwenye tumbo lake upande mmoja, moshi unapita chini ya bamba na kutokea kwenye dohani, bomba refu linalopita juu ya paa. Juu ya bamba kuna mifuniko ya mviringo. Ukiiondoa kwa kishikio chake, chungu kinakaa juu ya moto wenyewe. Karibu na kuni pana moto mkali, katikati wa wastani, mwishoni vuguvugu tu. Lakini lile la kutosha shule lilikuwa zito ajabu, na lori halikuweza kupanda kilima chetu. Bibi Mkuu hakutaka hata kulisikia. Barua ya kuagiza majiko ya pampu ilikuwa tayari mezani kwake.

Hata hivyo alisema tufanye jaribio la mwisho, mchana, jikoni kwake, na akamwalika Mwami wa gombolola, chifu wa sehemu ile, kwa kuwa watu wake ndio waliotujengea shule. Mimi nisimame kwenye pampu, nichemshe sufuria kubwa la maziwa ya uji. Ma Nyamwiza apike ebitoke kwenye jiko la chuma. Nilifika nimejifunga kilemba kipya. Nilijua nimeshinda, na nilikuwa nafanya hivyo kwa ajili ya macho yake, basi nikajiona mtu mwema pia.

Pampu ikavuma. Maziwa yakaanza kupanda. Nikawa nasubiri yafike nusu kidole kutoka ukingoni ndipo nifungue parafujo ya kupunguza moto. Ndipo mlango ukafunguliwa na Mwami akaingia.

Sasa sikilizeni. Kwetu mwanamke akifikiwa na mtu wa heshima hapungi mkono akaendelea na kazi. Anapiga magoti, anainamisha macho, anasalimia kwa utulivu. Na salamu za Kihaya hazina haraka: umeamkaje, wa nyumbani wameamkaje, mvua imewafikia, ng'ombe wapo. Hunyanyuki mpaka mwenzako amemaliza kuitikia. Magoti yangu yalishuka yenyewe. Sikufikiri hata kidogo! Nikapiga magoti, nikainama, nikaanza kwa neno letu la heshima, "Waitu..."

Mwami alikuwa mtu wa adabu. Aliniulizia mpaka shangazi yangu wa kisiwani Bumbire. Na mimi najibu, huku nyuma yangu nasikia maziwa yanafanya fyaaa. Yakafurika, yakazima moto, mafuta yakaanza kuruka kama mvuke mweupe, halafu puu! Yakashika tena, mwali ukafika darini na kula pazia la Bibi Mkuu. Mimi bado nimepiga magoti, nimeulizwa habari za mvua, najibu habari za mvua!

Bibi Mkuu ndiye aliyetupa blanketi juu ya jiko. Palinuka maziwa ya kuungua na mafuta ya taa. Kilemba changu kipya kilikuwa na shimo la kutosha ngumi.

Nikageuka kumtazama Ma Nyamwiza. Naye alikuwa amepiga magoti, mbele yangu kidogo, ametulia. Lakini chungu chake hakikuwa juu ya moto. Mlango ulipolia tu, alikisukuma kwa mkono mmoja mpaka mwisho wa bamba, kwenye vuguvugu, halafu ndipo akashuka chini. Kilikuwa kinatokota polepole, hakina habari.

"Kwa nini hukuzima kwanza?" Bibi Mkuu alinifokea. "Kosa si la jiko, ni lako! Kuanzia leo hakuna kupiga magoti jikoni."

Nilitafsiri. Ma Nyamwiza akasema kitu kwa sauti ya chini, na Mwami akacheka.

"Amesemaje?" Bibi Mkuu akauliza.

"Anasema," nikajibu, "wasichana mia moja wanakula hapa. Kila siku mzazi mmoja atakuja kuwaona. Tukisimama bila kuwasalimia, watawaondoa watoto wao. Tukiwasalimia, tutaunguza shule."

Bibi Mkuu alinitazama mimi, si yeye. "Wewe ndiye uliyenihakikishia. Barua ipo mezani. Bado unasema pampu?"

Aibu ilinipanda mpaka masikioni. Ningeweza kusema ndiyo, nitajifunza, nitazima mapema. Jiko lile nililipenda! Na jiko la chuma lilikuwa zito, lisipopanda kilima tungebaki na mafiga mpaka muhula uishe, na Ma Nyamwiza angekwenda huko kwao kusikokuwepo. Lakini nilijua akiachwa na pampu, kiziwi kwa kelele na jicho moja, ataungua siku ya kwanza atakapokuja mgeni.

"Nilikosea, Bibi Mkuu," nikasema. "Chana barua. Nunua la chuma."

"Na nani atalipandisha?"

Mwami akajibu kabla sijatafsiri. Kiswahili alikijua vizuri sana. "Bibi, wagonjwa wetu tunawabeba mabegani mpaka hospitali ya Rubya. Jiko halilalamiki njiani. Nitaleta watu."

Na akawaleta! Wanaume ishirini, miti miwili mirefu, kamba za migomba, nyimbo, vigelegele vya wanawake kandokando ya njia, na sanduku la chuma linapanda kilima huku linayumba. Mimi nilitangulia kwa kurudi kinyumenyume, napiga kelele "Kulia! Kulia!" mpaka nikatumbukia mtaroni. Sijawahi kufurahi namna ile, hata siku ya harusi yangu, na mume wangu anajua.

Tulipoliwasha mara ya kwanza, moshi ulikwenda wote kwenye dohani. Ma Nyamwiza alikaa jikoni kutwa nzima bila kupangusa uso. Hakurudishwa popote. Alipika pale miaka mingi, na mimi nikiwa chini yake, mpaka alipopumzishwa na misheni ikampa kijumba na migomba kumi na minne. Mimi nikahamia jiko la hospitali moja, kisha nikawa msimamizi wa majiko ya shule kadhaa, Muleba na Bukoba. Kila nilipokwenda niliulizwa jiko lipi ni bora. Wajukuu zangu wa Hamugembe, mjini Bukoba, nao wananiuliza leo, gesi au umeme. Nawaambia wanioneshe kwanza anayepika ni nani, na nani huwa anaingia mlangoni wakati chakula kiko motoni. Wananiona bibi kachanganyikiwa, wananunua wanalotaka.

Siku niliyostaafu walinifanyia sherehe. Kulikuwa na hotuba ndefu, viti vya kukodi, na zawadi ya blanketi. Katikati ya hotuba watu wakaanza kugeuka nyuma. Bibi kizee alikuwa anakuja kwenye njia ya mteremko, peke yake, hana fimbo, hana wa kumshika mkono, anaruka vidimbwi vya mvua kimoja kimoja. Alipita katikati ya viti moja kwa moja mpaka mbele yangu. Nikapiga magoti. Akanishika kidevu, akaniinua uso kwenye mwanga, akanichunguza kwa jicho lake la kulia.

"Hee!" Ma Nyamwiza akasema, watu wote wakasikia. "Mwanangu, kumbe una mvi!"